Tangazo la shule si karatasi tu: Soweto, Mazimbu na kiangazi chetu kambini



Juzi nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule. Karatasi tatu. Ya kwanza, tarehe ya kufunga shule na tarehe ya kuchukua matokeo. Ya pili, vitabu ambavyo wanafunzi wa sekondari wanaombwa kusoma wakati wa likizo kubwa. Ya tatu, wazazi wanaitwa kwenye mkutano siku ya Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilipomaliza kubandika, mama mmoja aliyetoka kuchota maji alisimama, akatua dumu lake, akaangalia ubao muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, hapo wameandika nini?"

Nikamsomea yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mwaka jana ndiyo maana." Akabeba dumu akaenda. Sikumuuliza mwaka jana kulitokea nini. Sikuhitaji kuuliza, kwa sababu mimi mwenyewe ninayo "mwaka jana" yangu.

Nilipokuwa mwaka wa sita wa sekondari, tangazo la kujiandikisha kwa mtihani wa serikali, ule tunaouita egzeta, lilibandikwa kwa Kifaransa tupu. Mimi wiki ile nilikuwa kitandani na malaria. Mama yangu alipita shuleni mara mbili kuniombea ruhusa. Mara mbili alisimama mbele ya ubao ule ule. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ile ndogo ya pembeni ilikuwa na jina la mtoto wake ndani, na kwamba mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Nilipopona, orodha ilikuwa imekwisha kwenda. Nikapoteza mwaka mzima. Sitaji shule, wala simlaumu mtu mmoja, kwa sababu hakuna aliyenifanyia kwa chuki. Ila mama alilia kuliko mimi. Alisema, "Nilikuwa naiangalia kwa macho yangu."

Ndiyo maana leo nataka tuongee historia ya matangazo ya shule. Najua mtacheka, eti tangazo nalo lina historia? Lina, tena kubwa.

TANGAZO LA MWAKA 1974

Kila mwaka tarehe 16 Juni tunasherehekea hapa kambini Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wanacheza ngoma, tunapewa fulana, wakubwa wanahutubia, halafu siku nne baadaye, tarehe 20, inafuata Siku ya Wakimbizi Duniani. Nimejitolea kupanga viti kwenye sherehe hizo miaka minne. Siku moja nikawauliza vijana kumi na wawili niliokuwa nabeba nao viti, kwa nini ni tarehe 16? Wawili tu walijua. Basi tuanzie hapo.

Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa na sheria ya elimu ya mwaka 1953 kwa ajili ya Waafrika weusi peke yao. Iliitwa sheria ya Elimu ya Kibantu. Lengo lake halikufichwa: mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kutosha kumtumikia mzungu, asivuke hapo. Shule za weusi zilipewa pesa kidogo sana kwa kila mwanafunzi ukilinganisha na shule za wazungu. Darasa moja lilijaa watoto mpaka mlangoni. Sisi tuliosoma kwenye mahema tunaijua hali hiyo.

Mwaka 1974 likaja tangazo. Idara ya elimu iliagiza kwamba katika shule za weusi za eneo lile nusu ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya wale waliokuwa wanatawala. Hesabu kwa Kiafrikana. Historia na jiografia kwa Kiafrikana. Walimu wengi wenyewe hawakukijua vizuri. Sasa fikiria, mwalimu hajui lugha, mwanafunzi hajui lugha, na hesabu inabidi iingie kichwani.

Wazazi hawakukaa kimya, na hili watu wengi hawalisemi. Kulikuwa na bodi za shule zenye wazazi ndani yake, na baadhi ya bodi zilikataa agizo hilo. Waliokataa wengine walifukuzwa kwenye bodi. Yaani mzazi aliitwa kwenye mkutano ili asikilize na kuitikia ndiyo, basi. Alipouliza, akatolewa.

Mwezi Mei 1976 wanafunzi wa shule moja ya Orlando West, ndani ya Soweto, waligoma kuingia darasani. Shule nyingine zikafuata. Tarehe 16 Juni maelfu ya wanafunzi waliandamana barabarani na mabango yao. Polisi walifyatua risasi. Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, ni mmoja wa waliouawa siku ile, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Vurugu zikaenea nchi nzima, na katika miezi iliyofuata mamia ya watu waliuawa, wengi wao vijana. Mwezi Julai serikali ikaliondoa lile agizo la Kiafrikana. Lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na vijana hawakuwa wale wale tena.

Kwa hiyo ndugu zangu, 16 Juni tunayochezea ngoma ilianzia kwenye tangazo la shule, tangazo lililowekwa kwa lugha ya mwingine, bila mzazi kusikilizwa.

SHULE YA WAKIMBIZI MOROGORO

Baada ya Soweto, vijana wengi walikimbia. Walivuka mpaka kuingia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Wengine walikuwa na sare za shule. Wengi walitaka bunduki, warudi kupigana. Lakini wengine walikuwa wadogo mno, na wengine walisema wazi kwamba wanataka kumaliza masomo. Chama cha ANC, ambacho kilikuwa uhamishoni, kikajikuta na watoto wa shule mikononi mwake bila shule.

Tanzania ikatoa ardhi. Mwaka 1977 ANC walipewa eneo la Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, mahali palipokuwa shamba la zamani la mkonge lenye majengo machakavu. Mwaka 1978 shule ikaanza. Baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyekimbia nchi baada ya Soweto, akarudi kama mpiganaji mwaka 1977, akakamatwa, na kunyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Watu walifupisha jina la shule wakaiita SOMAFCO.

Nimesoma habari za Mazimbu kwa sababu mwalimu mmoja mzee hapa kambini, tunayemwita Papa Prefe mpaka leo ingawa amekwisha staafu, aliniazima kitabu. Nilipokisoma niliona ni kama wananiandikia mimi. Matatizo yao yalikuwa matatizo yetu.

Kwanza, mtaala. Wafundishe nini? Ile Elimu ya Kibantu waliyoikimbia? Hapana. Waliandaa masomo yao wenyewe, pamoja na historia ya mapambano yao na jinsi jamii za watu zinavyobadilika. Lakini mtoto anahitaji pia cheti ambacho chuo cha nchi nyingine kitakikubali. Basi wakawaandaa wanafunzi kwa mtihani wa O-level wa London. Mnaona? Hata wao walikuwa na swali letu la kila siku: cheti hiki kitanifikisha wapi? Sisi Wakongomani hapa tunafuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Ndugu zetu Warundi wamekuwa wakifuata wa Burundi. Wenzetu wa Kakuma, Kenya, wanafuata wa Kenya. Kila njia ina mlango unaoufungua na mlango unaoufunga.

Pili, kazi ya mikono. Mazimbu hapakuwa mahali pa kukaa na kusubiri mgao. Walilima mahindi, wakafuga ng'ombe na nguruwe, wakatengeneza samani kwenye karakana yao. Wanafunzi nao walishika jembe na kubeba vifaa vya ujenzi. Tanzania yenyewe tangu mwaka 1967 ilikuwa na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule iwe na shamba lake. Shule ya msingi ikajengwa, kituo cha watoto wadogo, hospitali. Na maktaba. Vitabu vilitoka kwa marafiki wa nchi mbalimbali. Mwaka 1985 Oliver Tambo, rais wa ANC, akaja kuifungua shule rasmi. Huyu Tambo kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hesabu na sayansi Johannesburg.

Tatu, mwisho wake. Mwaka 1990 ANC iliruhusiwa tena nchini kwao na Mandela akatoka gerezani. Watu wakaanza kurudi. Mwaka 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ikiwa bado na jina la Solomon Mahlangu. Shule ya wakimbizi imekuwa chuo cha wenyeji. Makaburi ya wale waliofia pale bila kuona uhuru bado yapo.

Mimi sijawahi kufika Mazimbu. Iko nchi hii hii, lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali cha kwenda kuangalia makaburi na maktaba ya zamani sijui nitakiombaje. Nimefika kwa kusoma tu.

TANGAZO LILILOFUNGA SHULE

Nisije nikawadanganya kwamba shule za uhamishoni zilikuwa nzuri tu. Kabla ya Mazimbu kulikuwa na shule nyingine, Dar es Salaam. Mwaka 1963 ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji kwa ajili ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Iliongozwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Vijana wa pale walisoma sekondari, na wengi waliota kwenda chuo kikuu Ulaya au Marekani.

Vita vya ukombozi vikaanza mwaka 1964. Uongozi ukatangaza kwamba mwanafunzi ana deni kwa mapambano: lazima atoe muda wake kutumikia vitani au kufundisha katika maeneo yaliyokombolewa, kabla ya kufikiria masomo ya juu. Kwa viongozi lilikuwa jambo la haki, kwani wakulima walikuwa wanakufa. Kwa wanafunzi wengi lilikuwa kama kufungiwa mlango. Maneno yakawa makali, yakaingia na ukabila na siasa za wakubwa, na mwezi Machi 1968 zikatokea vurugu. Shule ikafungwa. Miaka miwili baadaye FRELIMO wakafungua sekondari nyingine Bagamoyo.

Mimi sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili ziliipenda Msumbiji, na bado shule ilikufa. Tangazo likishuka kutoka juu na hakuna mahali pa kuuliza swali, swali linageuka kuwa jiwe.

SASA KIANGAZI CHETU

Turudi hapa Kigoma. Kiangazi kimeingia. Vumbi jekundu mpaka kwenye ugali. Ndio wakati wa kufyatua matofali ya udongo na kukarabati nyumba kabla ya mvua. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, maana yake kuna watoto waliozaliwa hapa ambao sasa wana watoto wao shuleni. Kwa hiyo hatuwezi kusema shule ya kambi ni ya muda. Muda gani huo unaozidi miaka ishirini?

Kwenye mkutano wa Jumamosi wazazi walikuja, wengi kuliko kawaida. Papa Prefe alisoma orodha ya vitabu vya likizo. Baba mmoja akasimama akasema, "Mnawapa watoto kazi ya kusoma kiangazi kizima. Matofali atafyatua nani? Na usiku taa iko wapi?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Mama mwingine akasema sisi wengine tunaambiwa turudi nyumbani, msafara unaweza kuitwa wiki yoyote, sasa mtoto asome kitabu cha nini, cha Kifaransa, cha Kiswahili, cha nani?

Nilitaka kujibu haraka haraka kama kijana anayejua, nikashindwa. Nikakumbuka msichana mmoja Mrundi aliyekuwa akija kwenye chumba chetu cha vitabu. Familia yake ilijiandikisha kurudi Burundi kwa hiari. Alfajiri ya kuondoka, kabla magari hayajafika, alikuja kugonga mlango kwangu na kitabu alichokuwa ameazima, amekifunga kwenye kipande cha kitenge. Nikamwambia, ungeenda nacho tu, nani angekufuata? Akasema, "Kuna mtu ameandikwa baada yangu." Alikuwa ameona jina kwenye orodha ya kusubiri. Akaongeza kwamba amekisoma chote, na kurasa mbili ambazo zilichanika kabla yake amezishona kwa uzi.

Nikawasimulia wazazi hilo. Sikuongeza neno. Yule baba wa matofali akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tupange saa."

Tukapanga. Nawaandikia hapa ili na kambi nyingine wachukue wakitaka.

Asubuhi ni ya kazi za nyumbani na matofali. Saa nane mpaka saa kumi jioni, jua linapokuwa kali na hakuna anayefyatua, ndiyo saa ya kitabu, chini ya mwembe. Taa haihitajiki. Kwa kuwa nakala ni chache, kitabu kimoja kinasomwa na watu watano. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata, halafu wanapokezana.

Kila Jumapili jioni mwanafunzi anamsimulia mzazi wake kwa lugha ya nyumbani alichosoma wiki ile. Mzazi hahitaji kujua kusoma. Anauliza swali moja, na swali hilo mwanafunzi analiandika kwenye daftari. Daftari ndilo tutakaloangalia shule ikifunguliwa. Swali la mzazi litahesabiwa sawa na jibu la mtoto.

Vitabu vyenyewe ni mchanganyiko. Vya Kifaransa vipo kwa sababu ya mtihani, hatuwezi kujidanganya. Lakini tumeweka pia Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kinachomhusu Karama anayeshitakiwa kwa sababu tu anataka kuwafundisha watu sheria. Tumeweka Utengano cha Said Ahmed Mohamed. Na kama kuna mtu anadhani Kiswahili hakibebi mambo mazito, akumbuke kwamba Nyerere alikaa akatafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963 akiwa rais wa nchi. Rais mwenye kazi zote zile alipata saa yake ya kitabu. Na sisi tutaipata, hata kwa vumbi.

Na matangazo. Tangu sasa kila tangazo la shule yetu linatoka kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiswahili, na siku ya kubandikwa linasomwa kwa kipaza sauti kwenye bomba la maji saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu pale ndipo akina mama wanapokuwa. Tarehe ya mwisho inasemwa mara tatu. Hii kazi nimeiomba mimi mwenyewe. Hailipwi, lakini niliiomba.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, nawaomba jambo moja. Mnapotuletea karatasi ya kubandika, iwe ya shule, ya chanjo au ya msafara wa kurudi, msihesabu kwamba ujumbe umefika kwa sababu karatasi iko ukutani. Simameni hapo dakika tano. Mtaona nani anaangalia na nani anasoma. Ni watu wawili tofauti.

Kwa vijana wenzangu. Wale wa Soweto walikataa lugha iliyoletwa kuwanyamazisha. Wale wa Mazimbu walijenga shule kwenye shamba la mkonge bila kujua watarudi kwao lini, na walipoondoka wakaiacha kwa wenyeji wao. Sisi hatujui tutarudi lini, wala kama tutakwenda kwingine. Lakini kitabu ulichosoma hakikaguliwi mpakani.

Jumatatu asubuhi niliposoma tangazo pale bombani, mama yangu alikuwa kwenye foleni. Nilipotaja tarehe ya mwisho mara ya tatu, akaitikia kwa sauti mbele ya watu wote, "Tumesikia!"

Kiangazi chema, na kitabu kirudishwe, kuna mtu ameandikwa baada yako.